Kabla Baba Mkwe Hajafungua Kompyuta Yangu

Jumapili, Kilibula, Uvira. Mvua imekatika sasa hivi. Kutoka hapa naona ziwa limegawanyika rangi mbili, tope la mito karibu na ufuko, bluu kule mbali upande wa Burundi. Nimeketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, naandika kwa simu, kwa kidole gumba, kwa hiyo nisamehe makosa yangu, shajara. Kuanzia leo sina kompyuta.

Nina mume, lakini.

Nimeliweka neno hilo peke yake kwenye mstari wake makusudi, ili nilitazame. Tumeoana mwezi uliopita na bado sijalizoea. Nikiamka asubuhi na kukuta viatu vyake vikubwa vimelala kando ya vyangu, nacheka mwenyewe kama mjinga. Mama anayeuza ndagala, vile vidagaa vya ziwa, pale sokoni zamani aliniita "dada". Siku hizi ananiita "Mama", na mimi najisikia nimerefuka kidogo. Mji wetu umepita katika siku ngumu, kila anayeishi hapa anajua. Katikati ya hayo yote sisi tumeoana, tumekodi vyumba viwili, tumenunua sufuria. Wakati mwingine naona kama tumemfanyia mtu ujanja.

Anaitwa Espoir. Nimekwisha kuandika juu yake hapa mara nyingi kupita kiasi, najua, na nitaandika tena.

Leo lakini nataka kuandika juu ya baba yake. Jina lake sitaliandika. Kwetu bibi arusi hatamki jina la baba mkwe wake, na mimi sijawahi kulitamka tangu siku walipokuja kwetu Runingu kuleta mahari. Namwita Papa. Sili naye meza moja. Akiingia nyumbani kwetu namsalimu nikiwa nimeinamisha macho, namwekea kiti, halafu narudi nyuma ya rido, lile pazia linalotenganisha sebule na chumba chetu. Yeye naye, hata kama nyumba inaungua, hawezi kuligusa rido hilo. Huo ndio utaratibu. Hauniumizi. Najua tu kwamba kati yangu na yule mzee kuna njia nyembamba sana ya heshima, na kwamba mwezi huu wa kwanza ndio unaotazamwa. Nikiichafua sasa, nitakaa miaka nikiisafisha.

Ndiyo maana jana nusura nife kwa hofu.

Acha nieleze. Kompyuta yangu alinipa mjomba nilipofaulu mtihani wa taifa. Ilikuwa nzito, imeshatumika, na batri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazimika papo hapo. Lakini niliipenda! Nyumbani Runingu niliandikia watu barua za kuomba kazi, nikawapigia picha kadi zao za uchaguzi na vyeti vya watoto na kuviweka humo ili wavitume mbali. Na zaidi ya yote, ndimo alimokaa Espoir.

Mwaka jana Espoir alikuwa mwalimu huko Mulenge, juu milimani. Mtandao ulipatikana kwenye kilima kimoja tu, pale wachungaji wanapopitisha ng'ombe jioni. Basi wiki nzima alikuwa anaandika kwenye simu yake, na Jumamosi anapanda kilima na kunitumia barua zote kwa pamoja. Simu yangu inalia, inalia, inalia, mama ananitazama. Nilizihamishia zote kwenye kompyuta, na ili wadogo zangu wasizifungue, nikaliita folda lile "Masomo ya kushona". Hakuna aliyewahi kuligusa. Humo alinieleza ukungu unaoingia darasani mpaka hamwoni mtoto wa benchi la nyuma. Alinieleza ndama aliyesimama mlangoni akisikiliza hesabu. Kuna barua moja inayoanza na ukungu huohuo na kuishia mahali ambapo sitakuambia hata wewe, shajara.

Humo mlikuwa pia na majibu yangu. Na picha zangu siku ya kupima gauni la arusi, nyingine nikiwa na shimizi tu, kwa sababu rafiki yangu aliyekuwa ananipiga picha hakuwa na haya. Na sauti yangu nikimwimbia. Naimba vibaya. Yeye anasema hapana.

Sasa, kwa nini niliamua kuiuza? Kwa ajili ya cherehani. Shuleni nilisoma ukataji na ushonaji, na kando ya dirisha letu kuna nafasi ambayo Espoir amekwisha kuipima kwa kamba na kuweka alama ya chaki ukutani. Kila mgeni anauliza ile alama ni ya nini. "Ni mahali pa kazi ya mke wangu," anajibu, kwa sauti ya mtu anayeonyesha jengo la ghorofa.

Tulipotangaza kwamba tunauza, nilifikiri atakuja mtu wa mbali, asiyetujua. Alikuja mama mkwe, Alhamisi, na mboga ya sombe ndani ya beseni.

"Mwambie mume wako mashine hakuna kuuza inje," alisema akiketi. "Papa ataichukua, pesa ya cherehani atatoa yeye. Weye unajua anaandika mambo yote ya kanisa kwa mkono, mpaka vidole vinakakamaa. Jumapili atakuja kuichukua mwenyewe."

Papa alikuwa mwalimu maisha yake yote, sasa ni mwandishi wa parokia yetu. Ni yeye anayeandika ndoa, ubatizo, mikutano. Nilipiga magoti kumshukuru mama mkwe na nikafurahi kweli. Ijumaa asubuhi nikaingia kazini. Niliburuta kila kitu mpaka kwenye corbeille, kile kikapu cha takataka cha kwenye skrini. Nikabonyeza kukimwaga. Kikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Folda la "Masomo ya kushona" likatoweka, nikalia kidogo kwa sababu mimi ni mtu wa kulia kidogo, nikapangusa skrini kwa kitambaa, nikaifunga. Nilijiona mwanamke makini.

Jumamosi akaja Aline, dada mdogo wa Espoir. Anasoma informatique, mambo ya kompyuta, hapa mjini, na anapenda kunichokoza. Tulikuwa tunachambua maharage mezani.

"Shemeki," aliniambia, "ile mashine ya Papa, umefuta au umeficha tu?"

"Nimefuta na kikapu nimemwaga."

"Aaa. Kumbe umeficha."

Alikuwa na flash shingoni, imening'inia kwenye kamba kama msalaba. Akaichomeka, akafungua programu fulani, akaiacha itafute, akarudi kwenye maharage. Nilikuwa bado namcheka. Baadaye akainua macho, akatazama skrini, akaziba mdomo kwa mkono.

Nilijiona mwenyewe, nimevaa shimizi.

Moja baada ya nyingine zilikuwa zinarudi. Picha, barua, kadi ya uchaguzi ya jirani yetu wa Runingu, cheti cha mtoto wa shangazi. Majina mengine yalikuwa yamepotea lakini vitu vyenyewe vilikuwa vizima. Aline alifunga skrini haraka, namshukuru. Hakusoma hata moja. Ila alicheka mpaka akaangusha ungo.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Ukimwaga kikapu, weye unatoa tu kibao kwenye mulango wa nyumba. Watu wote wako ndani bado. Mashine inasema tu: hapa nafasi iko, atakayekuja anaweza kuingia. Mpaka mutu mwingine aingie kweli na akalie ile nafasi, wa zamani hawatoki."

"Na Papa anajua kutumia programu kama hiyo?"

"Papa? Hapana. Lakini kila kitu kikimushinda ananiletea minye ao vijana wa parokia. Vijana wa parokia, shemeki!"

Nilikalia kitanda changu nyuma ya rido. Fikiria. Mimi ambaye sijawahi kula wali mbele ya mzee yule, ambaye sijui hata rangi ya macho yake kwa sababu sijayatazama, ningempa kwa mikono yangu miwili chumba chetu kizima, kikiwa kimefungwa kwenye waya. Si kulivuta rido tu. Kuling'oa na kumkabidhi.

Na wale watu waliokuja kwangu na kadi zao kwa kuniamini. Nao ningewauza pamoja.

Espoir aliporudi nilimweleza yote bila kupumua. Alinisikiliza, akakuna kichwa, akauliza swali moja tu.

"Ile barua ya ukungu nayo imerudi?"

"Imerudi."

"Mungu wangu," alisema. Akaketi karibu nami.

Hatukuweza kumwambia Papa asije. Tungemwambia nini? Ukimnyima mzee kitu alichokwisha kusema atakichukua, lazima utoe sababu, na sababu yetu haikuwa na mdomo wa kuisema. Tulibaki na njia moja: mashine iwe safi kweli kabla hajaja.

Na unajua, shajara, hiyo Jumamosi iliyoanza vibaya ikawa siku nzuri kuliko zote tangu arusi. Aline alituambia kwanza tuokoe tunachotaka kubaki nacho, akatuachia programu yake, akaenda zake akicheka mpaka barabarani. Tukakaa wawili mezani, mlango umefungwa, na tukasoma. Barua zote. Espoir alikuwa anasoma zangu kwa sauti nyembamba, mimi nasoma zake kwa sauti nzito. Kulikuwa na moja ambamo aliandika kwamba siku moja tutakuwa na nyumba yenye dirisha linaloona ziwa. Nilisimama nikaangalia dirisha. Lile pale. Ziwa lile pale. Alikuwa ameliandika akiwa kwenye kilima cha ng'ombe, akitetemeka kwa baridi, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tuliwahi kuliomba.

Kwa hiyo nimejifunza kitu juu ya kufuta. Nilidhani nitakuwa kama mtu anayezika. Haikuwa hivyo. Tulipokuwa tunachagua, niliona kwamba nusu ya barua zile zilikuwa zinalilia kitu ambacho sasa ninacho. Kitu chenyewe kilikuwa kimeketi pale, kinakoroga chai.

Tulizihamishia kwenye flash mpya, tukaenda kuijaribu kwenye mashine ya Aline kuona kama zinafunguka kweli, halafu nikaifunga ndani ya kitenge changu cha arusi chini ya sanduku. Kadi na vyeti vya watu hatukuhifadhi hata kimoja. Si vyetu. Nikaingia kwenye barua pepe yangu na kutoka, nikafuta maneno ya siri yote ambayo mashine ilikuwa inayakumbuka kwa niaba yangu, nikatazama kwenye simu kuhakikisha kwamba akaunti yangu haiitambui tena kompyuta ile. Ilikuwa kama kuzunguka nyumba unayohama, unafungua kila kabati.

Ilibaki kazi kubwa yenyewe. Aline alikuwa ametuonyesha: mashine ina sehemu ya kujirudisha mwanzo, inauliza kama unataka kubaki na vitu vyako au kuondoa vyote. Unachagua vyote. Lakini wengi huishia hapo. Ndani yake kuna chaguo lingine la kusafisha diski nzima, na hilo ndilo linaloandika juu ya kila kitu, mahali kwa mahali, kama mtu anayelima upya shamba lote, hata kona ambazo hakuna aliyepanda. Linachukua saa nyingi. Na lisikatike katikati.

Sasa, Uvira. Umeme usikatike.

Ulikatika jioni ileile, bila shaka. Espoir akaenda kwa jirani mwenye sola, akaomba batri kubwa na kile kisanduku kinachogeuza umeme wake uweze kuwasha mashine. Leo asubuhi aliibeba batri begani kama mbuzi. Tulienda ibada ya kwanza, tukarudi mbio, tukachomeka na tukabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, namba za asilimia zikaanza kutambaa. Polepole! Nilikuwa natamani kuzisukuma kwa kidole.

Papa alikuwa na mkutano wa parokia baada ya ibada ya pili. Tulikuwa na nafasi ya kutosha. Espoir akaniaga, akaenda ufukweni kutafuta mikeke mibichi, wale samaki wa ziwa letu, ya kumpikia baba yake, nami nikabaki naosha mchele.

Wingu likashuka kutoka mlimani. Na kabla ya wingu akaingia Papa.

Mkutano ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya mvua inayokuja. Alisimama mlangoni na mwavuli wake na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimsalimu, nikamwekea kiti, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba Espoir anarudi sasa hivi, nikakimbilia nyuma ya rido. Kiti nilichompa, kwa haraka yangu ya kijinga, kilikuwa kinatazama meza. Na juu ya meza, mashine.

Nilisimama nyuma ya rido na bakuli la mchele mikononi, nasikiliza. Mvua ikaanza kupiga bati. Halafu radi, ile ya kwetu inayopasuka kati ya mlima na ziwa na kurudi mara mbili. Kila mtu wa mji huu anajua afanye nini radi ikipiga. Hata mtoto mdogo anajua. Unakimbia kuchomoa redio, televisheni, kila kitu, kabla nguzo haijakuletea moto ndani.

Nikasikia kiti kinasogea.

"Mwanangu," Papa alisema kwa upole, akiongea na rido. "Radi iko karibu. Ngoja nichomoe hii mashine, isije ikaungua bure."

Nikatazama upenyoni. Mkono wake ulikuwa umeshashika waya.

"Papa, hapana!"

Sijui nilitoka vipi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta katikati ya sebule, mchele umemwagika miguuni, na nimempigia kelele baba mkwe wangu. Siku ya Mungu. Mwezi wa kwanza wa ndoa. Mkono wake ulibaki palepale kwenye waya. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nami nikamtazama, na macho yake ni ya kahawia, sawasawa na ya Espoir.

Nikapiga magoti juu ya mchele.

"Papa, unisamehe. Huo umeme hautoki kwenye nguzo. Ni batri ya jirani. Na mashine haina batri yake mwenyewe, ukichomoa itazimika. Iko inafutwa, Papa. Ikikatika katikati itaharibika, na vitu vilivyomo vitabaki."

"Vitu gani?"

Mvua ilikuwa inapiga kwa nguvu. Nilitamani ipige zaidi, nisisikike.

"Vya nyuma ya rido, Papa."

Aliachia waya taratibu, kama mtu anayeweka yai chini. Halafu akakishika kiti chake, akakinyanyua, akakigeuza. Akaketi akiipa mashine mgongo, uso mlangoni.

"Basi ifagie vizuri," alisema. "Minye nitaangalia mvua."

Niliokota mchele nikilia na kucheka pamoja, huku najificha. Alikuwa ameketi wima kabisa, mikono juu ya mpini wa mwavuli, kama mlinzi. Baada ya kitambo akaanza kuongea, bila kugeuka, akiitazama mvua.

"Nikuambie kwa nini sikuita mutu wa kunibebea leo, nikaja peke yangu? Ijumaa nilimwambia mama yenu: ile mashine minye naiogopa. Ni ya watoto walioana juzi. Nikifungua nikute mambo yao, nitaweka wapi macho yangu? Akaniambia, wewe ni mwalimu, waulize kama wameisafisha. Nikasema, namuuliza vipi bibi arusi? Nimetembea kutoka kanisani mpaka hapa natafuta maneno." Akatikisa kichwa. "Nimefika, maneno yamekosekana. Nikashika waya."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka kwa sauti nyuma yake, na sekunde hiyo nikaogopa nimeharibu tena. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mzee naye alikuwa anacheka. Kumbe siku zote hizo tulikuwa watu wawili wenye hofu moja, kila mmoja upande wake wa pazia.

Espoir aliingia ameloa mpaka kwenye mifupa, mikeke imening'inia kidoleni. Akamkuta baba yake amekaa kama amefukuzwa darasani, na mke wake chini anaokota mchele punje kwa punje, wote tunacheka.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna usafi," Papa akajibu. "Vua viatu."

Namba zilifika mwisho mchana, mvua bado inanyesha. Mashine ilizima, ikawaka, ikatusalimu kwa Kifaransa kama mgeni asiyemjua mtu. Ikauliza lugha. Ikauliza nchi. Espoir mikono yake ilikuwa inanuka samaki, na Papa alikuwa amesahau miwani parokiani, basi mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza, Espoir amesimama nyuma yangu.

Halafu ikauliza jina la mwenye mashine.

Vidole vyangu vikasimama. Hata Espoir akaelewa. Mstari mweupe ulikuwa unangoja, na kale kamstari kadogo kanapepesa, kanapepesa. Jina ambalo sijawahi kuliweka mdomoni. Nilimtazama mume wangu anisaidie, naye akamtazama baba yake.

"Andika," Papa alisema. "Mudomo ndio umefungwa. Vidole havijaolewa hapa."

Nikaandika. Herufi moja, nyingine, polepole, na kila herufi nilikuwa nahisi naitandika kama shuka. Papa aliinamia skrini, akakunja macho, akasoma jina lake kimyakimya. Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepokea daftari lisilo na kosa.

Baadaye Aline alipita kutoka kwenye mazoezi ya kwaya. Alipochomeka flash yake kujaribu ile programu mara ya mwisho, Papa alisimama bila kuambiwa, akageuza tena kiti chake mlangoni. Tulingoja. Aline alingoja. Mashine ilitafuta na kutafuta.

"Kweupe," Aline akasema. "Hakuna hata mutu mumoja ndani. Papa, unaweza kugeuka."

Walikula sebuleni, mimi nilikula nyuma ya rido na Aline, kama inavyotakiwa. Ila katikati ya chakula nilisikia Papa anaongea kwa sauti ya juu kidogo, na hakuwa anamwambia Espoir ili Espoir aniambie mimi. Aliniambia mimi, kupitia rido.

"Mwanangu, hii samaki iko tamu."

"Asante, Papa," nikajibu. Ndilo neno langu la kwanza nililomjibu bila kutetemeka.

Ameondoka nayo mvua ilipopungua, ameifunga ndani ya plastiki mbili, Biblia akaiweka juu yake. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Nilitegemea kusikia kitu kinanichoma nikiiona inaondoka. Hakuna kilichonichoma. Barua zangu ziko kwenye sanduku, kadi za watu hazipo popote, na aliyeziandika zile barua yuko ndani sasa hivi anaosha sufuria na kuimba vibaya kuliko mimi.

Shajara, najiuliza kitu kimoja. Yule msichana wa Runingu aliyekuwa anaficha mapenzi yake kwenye folda la kushona, angeniamini kama ningemwambia hadithi itaishia na mzee ameketi mlangoni analinda siri yake, akitazama mvua?

Kesho tunaenda kuchukua cherehani. Kazi yake ya kwanza nimekwisha kuiamua, na Espoir amekubali. Nitamshonea Papa mfuko wa mashine yake kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye arusi. Jina lake sitalitarizi juu, hapana, limekwisha kuandikwa mahali panapostahili na liko huko peke yake. Lakini mdomoni mwa mfuko nitaweka kitambaa kirefu kinachoshuka mpaka chini, laini, cha kufunika vizuri.

Rido dogo.